Ngitili ya maua nyumbani: jibu kwa msomaji wa Buswelu

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Naishi Buswelu, Mwanza. Kiwanja chetu kina mawe makubwa, na nyuma ya nyumba pamebaki wazi kama mita 12 kwa 8. Mdogo wangu aliniletea kutoka Uingereza pakiti ya mbegu za maua ya mbugani, imeandikwa ni maua ya kudumu. Nililima vizuri, nikaweka ndoo 15 za samadi, nikamwaga mbegu Novemba. Mengi hayakuota. Machache yalichanua Januari yakafa, na kufikia Juni nyasi zilikuwa zinanifika kifuani. Mama mkwe alipotutembelea akauliza kama tunafuga nyoka. Mimi nataka maua yanayorudi yenyewe kila mwaka, yamechanganyika na nyasi, nisiwe mtu wa kupanda upya kila msimu. Kwetu huku inawezekana?"

Marahaba, dada yangu. Inawezekana, tena kiwanja chako kinafaa kuliko vingi ninavyoitwa kwenda kuvitazama. Usijilaumu kwamba mkono wako hauoteshi. Walikuangusha wawili: mbegu zilizozoea nchi ya baridi, na samadi.

Maua ya kudumu ya Ulaya hulala wakati wa baridi. Mbegu za mengi kati yake haziamki mpaka zikae wiki kadhaa kwenye udongo wa baridi wenye unyevu, kwa sababu hivyo ndivyo zinavyojua kwamba majira mabaya yamepita. Buswelu hazikuipata baridi hiyo, zikasubiri mpaka zikaoza. Hata ile iliyobahatika kuota ina kikwazo kingine, nacho ni urefu wa mchana. Mwanza iko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana wetu ni wa saa 12 hivi, masika na kiangazi. Rudbekia, kwa mfano, ua la njano lenye moyo mweusi, inataka mchana wa saa 14 hivi ndipo itoe ua. Ungeipalilia miaka mitano ukaambulia majani. Yale yaliyochanua Januari yalikuwa ya msimu mmoja, ambayo huchanganywa kwenye pakiti ili mnunuzi aone rangi mapema. Yalitoa mbegu, yakafa kama yalivyoumbwa.

Kuhusu samadi, najua ulifanya kile ambacho kila mtu angekushauri. Mchicha unaitaka, mahindi yanaitaka. Lakini maua yanapoishi pamoja na nyasi, rutuba nyingi huliwa kwanza na nyasi. Zinapanda haraka, zinafunika mwanga, na mche wa ua unaokua taratibu unakufa chini yake bila hata kuonekana. England na Wales zimepoteza takriban asilimia 97 ya mbuga zao za maua tangu miaka ya 1930, na sababu kubwa ni jembe la trekta na mbolea. Wapanda bustani wa huko wanaotaka kuzirudisha huanza kwa kuudhoofisha udongo: wapo wanaokwangua tabaka lote la juu na kulitoa nje. Wengine hupanda ua dogo la njano ambalo mizizi yake huingia kwenye mizizi ya nyasi na kuinyonya, nyasi zikapungua nguvu, maua mengine yakapumua. Mtu wa Kanda ya Ziwa akisikia habari hiyo anakumbuka kiduha, na hajakosea, maana mimea hiyo miwili ni ya ukoo mmoja. Kiduha chetu ndicho kinachonyonya mahindi na mtama, kwa hiyo hata kama maua yake ya zambarau yanapendeza, ukikiona kwako king'oe kabla hakijatoa mbegu. Mche mmoja hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, na hukaa ardhini miaka mingi zikisubiri mahindi ya jirani.

Sasa njoo kwenye kinachowezekana. Wasukuma wana ngitili. Ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, ng'ombe wasiingie, nyasi na miti ikue na kutoa mbegu, kisha linafunguliwa katikati ya kiangazi pengine pote pakiwa pamekauka. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 ulirudisha uoto kwenye maeneo makubwa kwa kuifufua desturi hiyo, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kufunga na kusubiri. Bustani unayoitaka ni ngitili ya maua. Unafunga mvua zikianza, unaacha kila kitu kikue, kichanue, kikomae, halafu kiangazi unaingia na fyekeo badala ya ng'ombe. Kwetu mimea hulala kiangazi. Basi chagua mimea inayojua kulala kiangazi, yenye akiba yake chini ya ardhi, na ukate ikiwa imelala. Mengine yote nitakayokuambia yanatoka hapo.

Mimea ya namna hiyo ipo tayari mkoani mwako. Ninayoipenda kuliko yote ni gloriosa. Nadhani umeshaiona bila kujua jina lake: mmea mwembamba unaopanda juu ya nyasi na vichaka, ncha ya kila jani imejikunja kama mkia wa kinyonga ili ishike jirani, na ua lake ni jekundu lenye kingo za njano, petali zimepinda nyuma kama ndimi za moto. Kiangazi hupotea kabisa, huoni hata kijiti. Chimba taratibu mahali iliposimama utakuta kiazi chenye matawi mawili, mfano wa herufi V, kila tawi nene kama kidole. Kila tawi lina jicho moja tu, na jicho hilo lipo nchani kabisa, la rangi ya maziwa, laini. Likivunjika, tawi hilo halitaota tena hata kama lililobaki ni zima na gumu. Kwa hiyo kiazi cha gloriosa hubebwa kama yai. Kilaze kwa ubavu, kina cha vidole vinne, usikisimamishe.

Lakini nisikilize vizuri hapa. Gloriosa ina sumu inayoitwa kolchisini, mmea mzima, na kiazi ndicho kibaya zaidi. Mtoto anaweza kukidhani ni kiazi kitamu au kimuhogo kidogo. Hukuniambia kama una watoto wadogo. Kama wapo, iache gloriosa mpaka wakue, nasema hivyo ingawa ndilo ua ninalolipenda zaidi. Na majani yake yaliyofyekwa usimpe mbuzi wala ng'ombe wa mtu.

La pili ni lile linalotoka ghafla mvua za kwanza zikinyesha, mpira mwekundu wa vijiua vingi vyembamba juu ya shina moja, kabla hata majani hayajajitokeza. Kitaalamu ni Scadoxus multiflorus. Hili hukaa kwenye tunguu na hupenda kivuli kidogo. Nalo lina sumu, ingawa tunguu lake halimvutii mtoto kama kile kiazi. Yapo pia mayungiyungi ya porini, yale makubwa meupe yenye mistari ya waridi, ambayo hufaa mahali maji yanapotuama kidogo. Ipo gladiola ya porini, ya rangi ya machungwa. Na pentasi, ambayo ndiyo itakayokupa rangi kwa muda mrefu kuliko zote: vishada vya nyota ndogo za waridi, nyeupe au nyekundu, vipepeo hawabanduki hapo. Pentasi ni mmea wa Afrika Mashariki, vitalu vingi vya miche wanauza, na huna haja ya kununua zaidi ya mitatu minne, kwa sababu kipande cha shina cha sentimita 10 kikichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini, hutoa mizizi ndani ya wiki 3 au 4.

Kuhusu matunguu na viazi vya porini, tafadhali usiende kuchimba hifadhini. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013. Nenda ukatazame jinsi mimea inavyokaa kati ya mawe, urudi mikono mitupu. Pa kupata ni karibu zaidi. Huko kwenu Buswelu, Kiseke na Nyamhongolo viwanja vinasafishwa kila siku kwa ujenzi. Kabla katapila halijaingia, muombe mwenye kiwanja ruhusa ya kuchimba. Karibu kila mtu anakubali, wengine wanakuitia kijana wa kukusaidia. Nimetoa mayungiyungi mahali ambapo leo pamemwagwa zege, na bado yanachanua kwangu kila mvua zikianza. Nenda wakati wa mvua, unapoona ua kwa macho, funga utepe, kisha rudi Julai uchimbe yakiwa yamelala.

Nyasi nazo zina cheo chake. Watu wengi huzing'oa zote wakitaka maua matupu, halafu gloriosa inakosa pa kushika na udongo unabaki wazi kwa magugu. Unachohitaji ni nyasi zinazokaa kwa mashina, kila shina peke yake na nafasi katikati, si zile zinazotambaa. Bora ni Themeda triandra, nyasi zilezile zinazotawala sehemu kubwa ya Serengeti, zenye masuke yanayogeuka rangi ya kutu yakikomaa. Theluthi moja ya eneo inazitosha. Ukoka, sangari na ndago ndio maadui, kwa kuwa hutambaa chini kwa chini na kufunga kila upenyo.

Mawe yako uliyoyataja kama kasoro, mimi nayaona ni mtaji. Mvua ikipiga juu ya jiwe kubwa haina pa kuingia, hutiririka mpaka chini, kwa hiyo mita moja kuzunguka jiwe hupata maji mengi kuliko kiwanja kingine chote. Upande wa mashariki wa jiwe hupata kivuli jua la alasiri linapochoma. Hapo weka ule mpira mwekundu. Upande wa bondeni, maji yanapoishia, weka mayungiyungi. Kwenye nyufa panda mshubiri. Mishubiri mingi huchanua kiangazi, wakati vingine vimelala, na ndege chozi watakuja kunyonya hapo asubuhi na mapema. Udongo wenu kati ya mawe ni luseni, mchanga uliomomonyoka kutoka kwenye matale, yaani miamba, unaopitisha maji upesi na usio na rutuba nyingi. Kwa mahindi ni udongo wa kulalamikia. Kwa kazi hii ndio unaotakiwa, na zile ndoo 15 zitapungua nguvu zenyewe ukiwa unatoa majani yaliyofyekwa miaka miwili mitatu. Anayenisoma akiwa kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi, asifuate ushauri huu wa matunguu, yataoza.

Usianze na eneo lote. Chukua mita 4 kwa 5 tu, karibu na jiwe, mahali unapopaona ukiwa jikoni au barazani. Agosti na Septemba chimba mizizi ya sangari na ndago kwa uma, kipande kwa kipande, wala usilime kwa kina ukapindua ardhi yote, maana unaamsha mbegu za magugu zilizolala miaka. Viazi vya gloriosa na matunguu viingie ardhini mwishoni mwa Septemba, kabla ya vuli, na kila kimoja ukiwekee kijiti. Mvua za Oktoba zikianza, kaa mbali wiki mbili. Magugu yataota kama zulia. Yakwangue kwa jembe, juu juu tu, kina kisichozidi kucha, siku ya jua kali, ukipita mbali na vijiti. Yakiota tena, kwangua tena. Kazi hii ya kuchosha ndiyo watu wanairuka, na ndiyo inayoamua kama mwaka wa pili utakuwa na maua au utarudi kwenye nyasi za kifuani.

Novemba panda miche ya pentasi na ya Themeda. Mimi naweka miche 6 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo eneo lako litahitaji 120, na vile viazi na matunguu vinahesabiwa humo. Usiipange kwa mistari. Panda makundi ya mitano au saba ya aina moja, kisha acha kundi jingine lianze. Kwa kuwa mwaka wa kwanza utaona ardhi nyingi tupu, rusha zinia chache katikati. Ni ya msimu mmoja, ni ya Mexico, huchanua vizuri kwenye mchana wetu mfupi, na haijawahi kunisumbua kwa kuenea. Januari na Februari mvua zikikatika mwagilia mara mbili kwa wiki, lakini mwaka huo wa kwanza pekee. Gugu lolote linalopita magoti likate kwa mkasi, usiling'oe karibu na mche.

Halafu kuna kufyeka. Mwaka mmoja nilikubali kufyeka kwangu mwishoni mwa Aprili kwa sababu ya harusi ya nyumbani, wageni walikuwa wanakuja na kila mtu alitaka uwanja usafishwe. Maua yalikuwa yameisha, nikajiambia hakuna kilichobaki. Mwaka uliofuata nusu ya gloriosa haikutokea, na zilizotokea zilikuwa nyembamba, hazikutoa ua. Nilipochimba nikakuta viazi vimesinyaa, vyembamba kama penseli. Ua likishanyauka, majani ndiyo yanaanza kazi kubwa ya kukijaza kiazi kwa ajili ya mwaka ujao, na mimi nilikuwa nimeyaondoa yakiwa kazini. Tangu hapo siangalii kalenda peke yake, naangalia majani. Gloriosa ikishakuwa ya njano yote, shina linakatika kwa kuguswa, na masuke ya Themeda yakiwa yamepukutika, muda umefika. Kwa Mwanza mara nyingi huwa kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Julai.

Fyeka ukiacha kimo cha kiganja. Acha majani yalale hapohapo siku 4 au 5 ili mbegu zidondoke, ukiyageuza mara moja kwa reki, kisha yatoe yote, yote kabisa, upeleke kwenye shimo la mboji la mchicha wako. Ukiyaacha yaoze pale ni sawa na kurudisha samadi. Na usichome moto. Najua ni rahisi, lakini pentasi na mbegu zilizo juu ya udongo hazitapona, na nyumba za jirani ziko karibu.

Sasa mama mkwe. Swali lake ni la haki na usilichukulie kama dharau. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata chakula na mahali pa kujificha. Acha mita 2 kati ya nyumba na maua, zifyekwe fupi mwaka mzima. Kata njia ya mita moja ipite katikati, ili hakuna mtu anayelazimika kukanyaga kwenye nyasi ndefu. Usirundike matofali, mbao wala majani yaliyofyekwa ukutani, na chakula cha kuku kisilale nje. Ukiingia kufyeka vaa buti za mvua. Kuhusu mbu, ambao nina hakika watatajwa, wao hutaga kwenye maji yaliyosimama. Nyasi hazina maji hayo. Mashimo yaliyo juu ya mawe yako yanayo. Panda ukayatazame siku tatu baada ya mvua, yale yanayoshika maji yajaze mchanga. Zaidi ya hapo, ukingo uliokatwa vizuri una kazi ambayo hata mimi ilinichukua miaka kuielewa: jirani, mwenyekiti wa mtaa au bwana afya akiona mstari ulionyooka anajua kuna mtu anayepatunza. Maua yaleyale bila ukingo huitwa pori.

Kuna wageni usiwaruhusu hata kwa siku moja. Gugu karoti, lenye majani kama ya karoti na vijiua vyeupe vidogo, hudhuru ngozi na kuua mimea jirani; ling'oe ukiwa na glovu kabla halijachanua. Lantana na alizeti pori zinapendeza kando ya barabara, lakini zikiingia kwenye mita zako 20 za mraba hazitaacha nafasi ya kitu kingine. Ukiona nakaza sana, tazama ziwani. Magugu maji yana ua la zambarau zuri kweli, yalisambazwa duniani kutoka Amerika Kusini kwa ajili ya uzuri huo, na tangu miaka ya mwisho ya 1980 wavuvi wa Ziwa Victoria wanahangaika nayo. Maji ya kiwanja chako nayo yanaishia ziwani, na mbolea inayosombwa huyalisha magugu hayo, kwa hiyo unapoacha kuweka mbolea kwenye maua unawasaidia pia watu wa mwaloni, kule wanakoshushia samaki.

Tarajia mwaka wa kwanza uwe wa zinia na majani. Wa pili pentasi zitashikana na gloriosa kadhaa zitapanda. Wa tatu ndio utakaonitumia picha, naomba usisahau. Kazi itakuwa imepungua mpaka siku mbili za kufyeka, palizi mbili tatu, na kulinda ukingo.

Jambo la mwisho la kufanya kiangazi hiki, kabla mvua haijaja: ukimaliza kupanda, chora ramani kwenye daftari, hatua ngapi kutoka jiwe lipi kuna nini. Vijiti huliwa na mchwa, na Oktoba ule mpira mwekundu utachungulia ukiwa mdogo kama ncha ya kidole, wakati huohuo umeshika jembe unakwangua magugu.